Jina la Dereva Kwenye Fomu

Elkana Omosa hakuwa tabibu wala mkalimani. Alikuwa dereva wa Mfuko wa Marafiki, chama cha hisani cha hospitali moja ya misheni iliyojengwa mlimani, nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Kazi yake ilikuwa kuwarudisha nyumbani wagonjwa wasio na wa kuwachukua, na wakati wa kurudi kupitia zahanati za Kisegi na Magunga kubeba vikasha vya baridi vyenye damu na makohozi ya watafiti. Hivyo siku Sista Terry alipomwita wodi ya wanaume, alidhani kuna mtu wa kupelekwa kwao.

"Si safari, Baba Nyatichi," Terry akamwambia. "Kuna mzee hapa, wiki ya tatu sasa hatuelewani. Dholuo hajui, na Kiswahili chake ni cha mnadani. Si wanasema Kikuria na Kikisii ni ndugu? Hebu jaribu."

Mzee alikuwa kitanda cha mwisho, amegeukia ukuta. Aliitwa Nchagwa. Alikuwa ametoka kwao, kule juu ya Kehancha, kutafuta fahali wa mbegu ambaye alisikia sifa zake katika bonde la Lambwe. Fahali hakumwona. Miguu ilimwishia nguvu sokoni Magunga, akaanguka mbele ya watu wasiomjua, na wasamaria wakampakia kwenye pikipiki mpaka hospitali. Madaktari walikuta kifua kikuu kimeingia kwenye uti wa mgongo. Simu yake ilipotelea palepale sokoni, na tangu hapo hakuna mtu aliyekuja kumuuliza.

"Bwakire, tata," Elkana akamwamkua kwa Kikisii, akimwita baba.

Mzee akageuza kichwa polepole. Akajibu kwa Kikuria, akaongeza maneno mengi, na Elkana akaokota nusu yake tu. Alipoona hivyo mzee akarudi kwenye Kiswahili, akicheka bila sauti. "Wewe unasema kama mtu ameng'olewa meno yote. Lakini kaa. Kaa hapo."

Elkana akakaa.

Kuanzia siku hiyo, kila alipokosa safari, alikula chakula chake cha mchana kando ya kitanda kile. Waliongea kwa lugha tatu zilizochanganywa kama mahindi na maharagwe ya githeri, zaidi habari za ng'ombe. Mfuko ulipomnunulia mzee mshipi mgumu wa kushikilia mgongo, Elkana ndiye aliyemfundisha kuufunga. Manesi walitania kwamba mzee wa Kuria amepata mtoto uzeeni. Hakuna aliyesema kwamba dereva naye amepata mtu, kwa maana hakuna aliyejua kwamba alikuwa amekosa.

Na alikuwa amekosa kweli. Mke wake, Nyarangi, alikuwa amefariki, na huo ulikuwa mwaka wa pili. Binti yao wa pekee, Nyatichi, alikuwa Doha akifanya kazi ya kulea watoto wa watu, na alipiga simu kila Jumapili kuuliza, "Baba, umekula?" naye alijibu, "Nimekula." Sabato baada ya ibada waumini walialikana chakula, na Elkana aliyealikwa mara tatu na kukataa mara tatu hakualikwa tena. Jioni alisikiliza matangazo ya vifo kwenye redio ya Kikisii, si kwa sababu alitarajia kusikia jina la mtu wake, bali kwa sababu pale angalau vijiji vya kwao vilitajwa. Jumapili aliosha gari la Mfuko. Akimaliza, aliliosha tena.

Nchagwa aliruhusiwa kutoka baada ya miezi mitatu. Alitembea kwa magongo mawili, na alipewa mfuko wa vidonge vya kumeza kila siku kwa miezi tisa mingine. Elkana alimkalisha kiti cha mbele, akamwekea mto mgongoni, wakashuka kuelekea Rongo na Migori.

Walipopita mashamba ya miwa, mzee akauliza, "Mama wa watoto yuko wapi?"

Elkana alikuwa hajawahi kulijibu swali hilo kwa urefu. Siku hiyo alilijibu, labda kwa sababu macho yake yalikuwa barabarani. Alisema Nyarangi alilazwa hospitali ileile. Siku ya mwisho yeye alitumwa Kisegi kuchukua damu ya utafiti. Aliporudi hospitali alijua barafu inayeyuka, na damu ikipata joto kazi ya watu wengi itaharibika, kwa hiyo alipitia maabara kwanza, akakabidhi, akatia sahihi. Ndipo akapanda wodini. Alikuta kitanda kimeshatandikwa shuka safi.

"Ulikuwa umechelewa kiasi gani?" mzee akauliza.

"Sijui. Sikuuliza."

Wakavuka mto Migori. Kisha, kama mtu anayelipa kitu kwa kitu, mzee akatoa la kwake. Alikuwa na binti, Pauline. Miaka tisa iliyopita alikwenda kuolewa Tarime, upande wa Tanzania, na mwanamume ambaye Nchagwa alimkataa mbele ya wazee. Siku ya kuondoka, binti alisimama kwenye lango la boma akingoja neno moja. Baba hakutoka nyumbani.

"Hilo nimekuambia wewe," Nchagwa akasema. "Si hospitali."

"Nimesikia, tata."

Boma la mzee lilikuwa na nyumba moja na zizi tupu. Ng'ombe wake wachache walikuwa wamehamishiwa kwa watoto wa ndugu yake, ambao walikuwa wamekwenda nao mbali kutafuta malisho. Jirani mmoja, mama aliyeitwa Weisiko, alitoka shambani mbio na mikono yenye udongo, akamshika mzee uso kwa viganja viwili. "Tulisema umekufa," alisema. "Mimi nilikulilia, wewe mzee!" Akaahidi kuleta uji asubuhi na ugali jioni. Elkana akageuza gari. Katika kioo alimwona mzee amesimama na magongo yake mlangoni, hajaingia, mpaka kona ikamficha.

Lakini hawakuachana hapo. Mfuko ulikuwa na mtafiti kijana, Liz, aliyetaka kujua kwa nini wagonjwa wengi wa kifua kikuu huacha dawa wakishafika nyumbani, ilhali dawa zenyewe ni za bure. Alikuwa ameandika fomu ya maswali kumi. Kwa kuwa Elkana ndiye aliyejua njia za maboma yote, Liz alimfunza kuuliza na kuandika, akampa orodha ya wagonjwa wa kutembelea kila mwezi. Nchagwa alikuwa Jumanne ya pili ya mwezi.

Ziara ya kwanza waliketi kwenye ngozi ya ng'ombe, kivulini mwa ukuta. Elkana alivaa miwani, akasoma taratibu.

"La tatu. Je, una mtoto au ndugu wa karibu aliye hai?"

"Sina."

Kalamu ikasimama. Elkana alimtazama mzee, na mzee akamtazama bila kupepesa. Hatimaye akaandika: hana.

Akaendelea mpaka la saba. "Ukizidiwa, utamwita nani?"

"Andika wewe."

"Mimi ni mtu wa hospitali, tata."

"Umeniuliza nitamwita nani. Nimekujibu. Andika."

Elkana akaandika jina lake mwenyewe, Elkana Omosa, kwa herufi ndogo. Ilikuwa zamani sana tangu mtu yeyote alipolitaka jina lake mahali kama pale. Kabla ya kuondoka alimwachia mzee simu ndogo ya vitufe aliyoinunua Migori, ndani yake kukiwa na namba mbili: ya kwake na ya Weisiko. Njiani kurudi aliimba wimbo wa kanisani, sauti ya tatu, na alipojisikia akaona haya kidogo, akanyamaza.

Liz aliona jina lile wiki ileile. Alimwita ofisini, akaiweka fomu mezani.

"Baba Nyatichi, jina lako limefuata nini hapa?"

"Ndivyo alivyosema."

"Najua ndivyo alivyosema. Lakini wewe ndiye unayeuliza. Huwezi kuwa muulizaji na jibu pia." Alisema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mjomba wake. "Na kuna jambo lingine. Uko hapa, yeye yuko Kuria. Akizidiwa saa hizi, utafika saa ngapi? Mgonjwa asiye na mtu, Mfuko unapaswa kumtafutia jamaa. Hana mtu kabisa? Hata mtoto?"

Elkana alitazama dirishani. Alijua alichoambiwa, na alijua aliambiwa kwa masharti gani. Lakini si siri ya mzee tu iliyomfunga ulimi, na hilo pia alilijua. Akipatikana binti, swali la saba litapata jibu lingine.

"Hana," akasema.

Liz akaandika kitu. Kisha akamtaja Marcella, mshauri wa wafanyakazi, aliyekaa chumba kidogo nyuma ya dobi kila Alhamisi. Mfuko ulikuwa umemwajiri baada ya ule mwaka wa korona uliowamaliza nguvu manesi. "Terry huenda. Hata madaktari huenda. Ukitaka."

"Mimi ni dereva," Elkana akajibu. "Kinachochoka ni gari."

Miezi mitatu ikapita hivyo. Kila Jumanne ya pili Elkana aliondoka alfajiri kabla ya mtu yeyote kumtuma. Alibeba sukari, majani ya chai, na mara moja dagaa wa Kisegi, ambao mzee alikataa katakata kuwagusa kwa sababu walikuwa na macho. Mzee alianza kutumia gongo moja. Vidonge vilipungua kwenye mfuko kama ilivyotakiwa. Elkana alijiambia kwamba hapakuwa na ubaya wowote; mtu anapona, kwa nini kuchokonoa kidonda cha miaka tisa?

Mwezi wa nne, ziara ilikosekana. Gari lilikuwa gereji, springi za nyuma zimekatika. Alipiga simu ya mzee, haikupatikana. Alijipa moyo kwamba ni chaji.

Weisiko ndiye aliyempigia, Alhamisi asubuhi. Alikuwa amerudi jana kutoka mazishi ya dada yake, upande wa Isibania, alikokaa wiki mbili na nusu. Alimkuta mzee sakafuni. Miguu haisikii tena.

Elkana hakungoja karatasi ya safari. Alichukua funguo za gari, lililokuwa limerudi kutoka gereji, akamwambia mlinzi amjulishe Liz, akaondoka. Alifika saa sita na ushei. Nchagwa alikuwa amelazwa kwenye ngozi, mbavu zinahesabika, mshipi wa mgongo umening'inia kwenye msumari. Vidonge vya wiki mbili na zaidi vilikuwa vyote ndani ya mfuko, havijaguswa.

"Kwa nini, tata?"

"Dawa bila chakula inatapisha." Sauti ilikuwa ya kunong'ona. "Huyu mama hakuwepo. Siku ya kwanza nilitapika, ya pili nikatapika. Nikaacha."

"Na simu? Si nilikuachia simu?"

"Ilikuwa na chaji siku tatu za kwanza."

"Basi mbona hukunipigia?"

Mzee akafumba macho. "Nikuite utoke Homa Bay kwa sababu ya njaa? Mtu haitwi kwa njaa. Anaitwa kwa kifo."

Elkana na Weisiko walimbeba kwenye blanketi mpaka garini. Alimpeleka hospitali ya karibu, Migori mjini, akakaa naye mapokezi, akajibu maswali ya nesi moja baada ya jingine. Umri. Dawa anazotumia. Jamaa wa karibu. Hapo akaomba radhi, akatoka nje, akasimama kando ya ukuta ambapo wanawake walikuwa wameanika nguo za watoto, akampigia Liz.

"Ana binti," alisema. "Anaitwa Pauline. Yuko Tarime. Nilijua tangu siku ya kumrudisha."

Upande wa pili ilisikika karatasi ikifunuliwa. Kisha Liz akasema tu, "Nitajie jina la mume, kama unalijua."

Ilimchukua Liz siku nne kumpata. Alipitia kwa chifu wa Nchagwa, chifu akapitia kwa katekista mmoja wa kanisa Katoliki mwenye shemeji Tarime. Siku ya tano Pauline aliingia wodini Migori, mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Alimfungua yule wa mgongoni, akamweka kitandani juu ya mkono wa mzee, na mkono ule ukakunjika wenyewe kumshika.

Elkana, aliyekuwa amekuja kumwangalia mzee, akatoka akasimama koridoni. Baadaye Pauline alimfuata.

"Wewe ndiwe dereva?"

"Ndiyo, mama."

"Miezi yote hii alikuwa mgonjwa. Kwa nini hakuna aliyenitafuta? Toka hapa mpaka kwangu ni mbali?"

Angeweza kusema mzee alikataza. Ingekuwa kweli, na ingetosha.

"Mimi nilijua uko," akasema. "Alikataza nisiseme. Lakini hata asingekataza, sijui kama ningesema. Nilipenda kuwa mimi ndiye anayeitwa."

Pauline alimtazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe mgeni, asijue kama hupiga teke. Mtoto aliyeshikwa mkono akaanza kulia njaa. "Watu wapweke ni wezi," Pauline akasema hatimaye, bila ukali. "Baba yangu pia ni mwizi wa namna hiyo." Akaenda kumtafutia mtoto ndizi.

Nchagwa naye hakumsamehe upesi. Ziara mbili zilizofuata aligeukia ukuta kama siku ile ya kwanza, na Elkana akala mkate wake akitazama kisogo chake. Ziara ya tatu, bila kugeuka, mzee akauliza, "Hizo springi wamezitengeneza?" Elkana akasema zimetengenezwa. "Vizuri," mzee akasema. Hawakulizungumza tena.

Miguu ilirudi, ingawa si kama mwanzo. Liz na Terry wakaandika barua kwa kliniki moja ya Tarime ili dawa ziendelee huko bila kukatika, na Mfuko ukatoa gari kwa mara ya mwisho. Elkana aliwapeleka mzee na bintiye mpaka Isibania, mji wa mpakani. Gari la Mfuko halikuwa na karatasi za kuvuka, kwa hiyo alisimama kabla ya kizuizi, na mume wa Pauline, mwanamume mfupi mwenye adabu, akaja kwa miguu kutoka Sirari, ng'ambo ya pili, kumpokea mkwe wake. Alitembea nusu hatua nyuma ya mzee, mkono tayari, bila kumgusa.

Mzee alisimama, akageuka, akaita kwa sauti kupita kelele za malori. "Omosa! Nikipona nitakwenda kumtafuta yule fahali. Utanipeleka?"

"Nitakupeleka, tata."

Wote wawili walijua haitakuwa hivyo. Malori yakasogea, na alipoweza kuona tena ng'ambo, kulikuwa na umati wa watu wengine.

Alirudi peke yake. Pale Migori alisimama hotelini, akaagiza chai na chapati, akala nusu. Mhudumu alipouliza kama kuna mtu mwingine anakuja kukaa pale, alisema hapana, chukua tu kiti.

Mwisho wa mwaka Mfuko uliwaita wafanyakazi na wafadhili katika ukumbi wa kanisa la hospitali kusikiliza matokeo ya utafiti. Walikuja wagonjwa wa zamani, akina mama wa vikundi vya kanisa, daktari mkuu akiwa amevaa tai. Liz alisimama mbele na picha ukutani. Alisema wagonjwa wengi hawakuacha dawa kwa ukaidi wala kwa kutojua. Waliacha siku ambayo mtu aliyewaletea chakula hakuwepo. Kuanzia Januari Mfuko utatoa unga pamoja na vidonge, na kila mgonjwa atachaguliwa majirani wawili, si mmoja. Watu walipiga makofi. Elkana pia alipiga. Alijua uamuzi huo wa pili ulitoka kwenye boma gani.

Kisha Liz akaonyesha jedwali la mwisho. Waliopona, wanaoendelea, waliofariki. Chini kabisa, waliopotea katika ufuatiliaji: kumi na mmoja. Elkana alijua mmoja wa hao kumi na mmoja ni Nchagwa, kwa sababu alikuwa amehamia nje ya nchi na utafiti haukuvuka mpaka. Alielewa. Hata hivyo alilisoma tena neno lile, waliopotea, akatoka kabla ya soda kugawiwa.

Alhamisi iliyofuata, saa nane, alikwenda nyuma ya dobi. Alikuwa amevaa shati la Sabato. Mlango wa Marcella ulikuwa umefungwa, na karatasi iliyobandikwa ilisema amekwenda Kendu kwa mazishi, samahani. Elkana aliisoma mara mbili. Kulikuwa na benchi pale, na harufu ya sabuni na mvuke wa mashuka. Akakaa. Mfanyakazi wa dobi alitoa kichwa dirishani, akamwambia, "Mzee, leo hayupo." "Nimeona," Elkana akasema, lakini hakuinuka mpaka saa yake nzima ilipokwisha.

Alhamisi nyingine akaenda tena. Mlango ulikuwa wazi. Marcella, mama wa makamo mwenye sweta la kijani, alimwonyesha kiti na kumuuliza ameamkaje. Elkana akaanza kumweleza habari za mpira wa breki, na jinsi barabara ya Magunga ilivyoharibika, na bei ya matairi, akazungumza hivyo kwa muda mrefu. Marcella hakumkatiza. Karibu na mwisho wa saa Elkana akasema, kama jambo la kupita tu, kwamba kuna siku alipeleka damu maabara kwanza.

"Nieleze siku hiyo," Marcella akasema.

"Sasa hivi?"

"Tuna dakika kumi. Na Alhamisi ijayo nipo."

Elkana alivua kofia, akaiweka gotini. Akasema ilikuwa Jumatatu, na kulikuwa na mvua Kisegi.